Goma: Mtoto wa mbwa akiletwa Himbi, mbwa wa zamani asilipe kosa la mwenye nyumba

Katika mtaa wa Himbi, kando ya ziwa Kivu, mbwa ni sehemu ya ulinzi wa nyumba kama ukuta wa mawe ya volkeno na lango la chuma. Tangu kundi la M23 liliposhika mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, wakaaji wa mitaa mingi wamelalamikia wizi wa usiku unaofanywa na watu wenye silaha. Si ajabu basi kwamba mwenye nyumba ambaye tayari ana mbwa mmoja, tena aliyezeeka, anatafuta wa pili ambaye angali mdogo ili akue akiijua nyumba.

Kutafuta mbwa wa pili si kosa. Kosa liko katika namna anavyoingizwa. Mara nyingi mtoto wa mbwa anafika jioni ndani ya katoni na kuwekwa chini katikati ya parseli, mbele ya mbwa mkubwa. Watoto wanazunguka wakicheka, simu zinapiga picha, na watu wazima wanasema: “Waacheni, watazoeana wenyewe.” Kabla dakika haijaisha, kilio kinasikika. Mdogo ametoka damu sikioni, mkubwa amechapwa fimbo. Likitokea tena siku ya tatu, mkubwa anapewa jina la mbwa mbaya na kufukuzwa nje ya lango.

Wahenga walisema: mgeni aje, mwenyeji apone. Katika nyumba za namna hii mgeni anakuja, na mwenyeji anapoteza chakula, mahali pa kulala na mwishowe nyumba yenyewe. Haki iko wapi? Mbwa aliyefundishwa kwa miaka 6 au 7 kwamba kila anayeingia bila kukaribishwa ni adui, leo anaadhibiwa kwa kufanya kazi ile ile aliyofundishwa. Hakuna aliyemweleza kwamba huyu ni wa nyumbani. Na mbwa haelezwi kwa maneno. Anaelezwa kwa harufu, kwa umbali na kwa muda.

Wapo watakaosema kwamba mji una taabu nzito kuliko adabu ya mbwa. Benki zilifunga milango mwaka 2025, uwanja wa ndege nao ukafungwa, na familia nyingi zinahesabu kila franka. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kufanya jambo hili vizuri. Kuwazoesha mbwa wawili polepole kunaomba siku chache na kamba mbili. Kuwazoesha vibaya kunaomba dawa za vidonda, mbwa mwingine wa kununua, na pengine matibabu ya mtoto aliyeingiza mkono kati ya wanyama wanaopigana.

Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la wapenda mbwa peke yao. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi 99 kwa 100, vinatokana na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ugonjwa huu karibu kila mara unaua. Shirika hilo linashauri kuchanja angalau 70 kwa 100 ya mbwa wa eneo ili kukata njia ya maambukizi. Mbwa anayefukuzwa Himbi bila chanjo hatoweki: anaongezeka katika kundi linalozunguka kwenye takataka na kukutana na watoto wanaokwenda masomoni.

Kwa hiyo hatua ya kwanza inaanza kabla mdogo hajafika: mbwa mkubwa awe na chanjo ya kichaa ambayo bado inafanya kazi. Hili ni muhimu kwa sababu kwa kawaida mtoto wa mbwa anapewa chanjo hiyo akifikisha majuma 12, wakati wengi wanaletwa nyumbani wakiwa na majuma 8, na wengine wanaondolewa kwa mama yao hata kabla ya hapo, jambo lisilofaa. Chanjo za parvo na distempa zinaanza kati ya juma la 6 na la 8, na kurudiwa mpaka juma la 16. Mwenye mbwa amuulize veterineri swali moja zaidi: chanjo inahifadhiwa wapi? Inatakiwa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, na katika mji ambao umeme unakatika, swali hilo si la dharau.

Hatua ya pili ni harufu. Kwa siku chache za mwanzo, mdogo akae upande wake, katika chumba au nyuma ya nyumba, mahali ambapo mkubwa hamfikii. Kitambaa alicholalia mdogo kipelekwe kwa mkubwa, na cha mkubwa kipelekwe kwa mdogo. Kazi hiyo inaonekana ya kitoto, lakini kwa mbwa pua ndiyo kitambulisho. Siku hizo zinatoa pia nafasi ya kuona kama mdogo anaharisha au anatapika kabla hajamwambukiza mwenzake.

Hatua ya tatu ni kukutana, na isifanyike mlangoni wala karibu na sahani ya chakula. Mahali pazuri ni pale ambapo mkubwa hana cha kulinda. Kwingineko watu wanashauri barabara, lakini kwa mdogo ambaye hajamaliza chanjo barabara ni hatari, kwa kuwa parvo inaweza kudumu katika udongo kwa miezi mingi. Afadhali aombwe jirani ambaye parseli yake haijapata mbwa mgonjwa, na mdogo abebwe mikononi mpaka huko. Watu wazima wawili, kila mmoja na kamba yake, kamba zikiwa zimelegea. Mbwa watembezwe kwa mbali, wakaribiane kidogo kidogo, wanusane sekunde chache, kisha waachanishwe kabla yeyote hajachoka. Dakika 5 zinatosha. Kesho yake warudie.

Katika wakati huo, kosa linaloharibu yote ni kumpiga mbwa mkubwa akinguruma. Kunguruma ni onyo: “Rudi nyuma, umenikaribia mno.” Mdogo anayesikia onyo hilo anajifunza heshima ambayo hakuna binadamu angeweza kumfundisha. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hajifunzi kupenda. Anajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila kutoa onyo. Jambo la kuogopwa ni mwili uliokakamaa, macho yasiyopepesa na mkia ulionyooka bila kutikisika. Hapo watu wawatenganishe kwa utulivu, bila makelele.

Na mnyororo? Nyumba nyingi zinamfunga mkubwa mchana na kumwachia mdogo azunguke huru, zikidhani hiyo ndiyo salama. Ni kinyume. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, kwa hiyo kilichobaki kwake ni meno. Mdogo asiyejua urefu wa mnyororo ataingia ndani ya duara lake akicheza, na huko ndiko misiba mingi inakotokea. Kama lazima mmoja afungiwe, awe mdogo, ndani ya kibanda chenye kivuli na maji.

Nyumbani, sahani ziwe mbili na mbali mbali, hata kama chakula ni bugali na mabaki ya sambaza tu. Mkubwa apewe wa kwanza, asalimiwe wa kwanza, na abaki na mahali pake pa kulala. Wasiachwe peke yao mpaka majuma kadhaa yapite bila ugomvi. Mlinzi wa usiku aelezwe utaratibu huu, maana mara nyingi yeye ndiye anayefungua mbwa saa mbili za usiku wenye nyumba wakiwa wameshaingia ndani. Watoto nao waambiwe: mbwa wakipigana, hakuna kuingiza mkono, aitwe mtu mzima. Akiumwa mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Atakayesema kwamba mbwa wa Goma hawezi kufundishwa kwa subira atazame kaskazini mwa mji. Tangu mwaka 2011, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianzisha huko Rumangabo kikosi cha mbwa wanaofuata harufu za majangili. Mbwa hao hawakupata ustadi kwa fimbo, bali kwa watu waliorudia zoezi moja kila siku mpaka likaeleweka.

Kuna sababu nyingine ambayo wakaaji wa mji huu wanaijua kuliko wengine. Goma ni mji unaoweza kuambiwa uhame kwa saa chache, kama ilivyokuwa tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka. Mbwa wawili wasioweza kusimama pamoja hawawezi kupakiwa katika gari moja wala kuongozwa na mtu mmoja kuelekea Sake. Mmoja ataachwa, na kwa kawaida ni yule wa zamani.

Asiye na siku kumi za kuwazoesha, basi asilete mtoto wa mbwa mwezi huu. Amsubirishe kwa mama yake, atafute chanjo ya mkubwa kwanza, ndipo aandae katoni. Mbwa aliyelinda lango la Himbi usiku wa risasi na usiku wa volkeno anastahili kukaribisha mgeni wake akiwa bado mwenyeji.