Parashuti mbili mugongoni, na bado mutu anakufa

Wazee wa Kolwezi hawajasahau tarehe 19 Mei 1978. Siku ile, kisha midi, waaskari wa Légion ya Ufaransa, karibu 400 mu kundi la kwanza, waliruka kutoka mu ndege juu ya muji. Parashuti walizovaa hazikuwa zao. Zilikuwa za Kiamerika, aina T-10, za jeshi la Zaïre, na mifuko yao ya Kifaransa haikuingiana nazo. Ilibidi watafute namna ya kuifungia mbele ya kupanda. Tangu pale, kwa wengi wetu, parashuti ni kitu cha vita.

Lakini kule Marekani, Ufaransa na mu inchi zingine, kuna watu raia, mafundi, wanganga, walimu, ambao siku ya posho na siku ya yenga wanalipa makuta yao wenyewe ili wapande ndege na kuruka. Musomaji atatuuliza: hiyo inatuhusu nini, sisi tunaotafuta mukate chini ya udongo? Tunajibu: inatuhusu sana. Yule anaanguka kutoka juu, huyu anashuka chini, lakini wote wawili maisha yao iko ku mukaba, ku kamba, na ku akili ya ule aliyeangalia vile vyombo mbele yao. Na kule kwa warukaji, hesabu ya wafu imeshuka sana. Tunataka kujua ni kwa sababu gani.

Hesabu inasema nini

Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinaandika wafu wake tangu 1961. Katika miaka ya 1970, kwa wastani, zaidi ya watu 40 walikuwa wanakufa kila mwaka. Katika mwaka 2024 walikufa 9, na mwaka ule watu waliruka mara karibu milioni 3.9. Ni kifo kimoja kwa mirukio zaidi ya 400,000. Tangu waanze kuandika, hawajaona hesabu ya chini kupita ile.

Udongo haukulainika, na hewa ni ile ile. Mutu akitoka ku ndege ku metre 4,000, anaanguka kwa mbio ya kilometre karibu 200 kwa saa, na iko na dakika moja hivi mbele ya kufungua. Kilichobadilika ni vyombo, mafundisho na sheria. Tuviangalie kimoja kimoja.

Vyombo: kila kitu na ndugu yake

Murukaji anabeba parashuti mbili mu mufuko mumoja mugongoni: ile ya kila siku, na ile ya kuokoa. Ya kila siku anaweza kuikunja yeye mwenyewe. Ya kuokoa, hapana. Kwa sheria ya Marekani, ni fundi mwenye lisansi ya serkali tu anayeikunja, na kisha siku 180 inafunguliwa, inaangaliwa, inakunjwa tena, ata kama hakuna aliyeitumia. Akimaliza, fundi anafunga na uzi mwembamba na kipande cha risasi chenye alama yake, na anaandika tarehe na jina lake ku karte. Shida ikitokea, jina iko pale.

Ku kifua kuna vipini viwili. Cha kuume kinaachilia parashuti iliyoharibika, cha kushoto kinafungua ya kuokoa. Kwanza kuachilia, kisha kufungua, kwa sababu parashuti mbili zikikutana hewani zinaweza kusokotana. Ile namna ya kuachilia kwa pete tatu za chuma, moja ikipita ndani ya ingine, ilitengenezwa na Mumarekani Bill Booth katika miaka ya 1970. Pete zinagawanya uzito, na nguvu ya mukono mumoja inatosha kuachilia kitu kinachobeba mutu muzima. Wengi wanaongeza tena mukanda mudogo: ile iliyoharibika ikitoka, mukanda unavuta pini ya parashuti ya kuokoa palepale.

Tena, tangu 1991 kuna kamashine kadogo kanaitwa CYPRES, kalitoka Ujerumani. Kanapima hewa. Kakiona mutu angali anaanguka mbio, karibu na metre 225 juu ya udongo, kanakata uzi unaofunga parashuti ya kuokoa, bila kumungoja. Kuna watu waliozimia hewani, wengine walisahau kuangalia urefu, na leo wako hai juu ya kale kamashine. Bei yake inapita dola 1,000.

Mafundisho: kuamua mbele, si siku ya hatari

Vyombo peke yake havitoshi. Mutu mupya haanzi peke yake. Anaruka na walimu pembeni, na lisansi ya kwanza, ile ya A, inaomba mirukio 25. Mwanafunzi anafungua juu, karibu na metre 1,700, ili awe na wakati wa kuangalia. Akifika ku metre 760 na parashuti haiko sawa, maneno imekwisha: achilia, fungua ya kuokoa. Hakuna kujaribu tena kidogo. Hilo neno aliamua chini, mbele ya kupanda, na alilifanya kwa mikono mara mingi akiwa amesimama ku udongo. Mutu anayeanza kufikiri siku ya hatari amekwisha kuchelewa.

Kabla ya kuruka, vyombo vinaangaliwa mara tatu: mbele ya kuvaa, mbele ya kupanda ndege, mbele ya kutoka. Na mwenzako njo anaangalia mugongo wako, maana wewe huwezi kuuona.

Upepo ukipita kilometre 22 kwa saa, mwanafunzi anabaki chini. Na kamera ya kupiga picha, USPA inashauri mutu asiibebe mbele ya kufikisha mirukio 200. Sababu ni nyepesi: mutu anayefikiri picha hafikiri urefu. Tumeona vijana wetu na telefone ndani ya shimo, tunajua wanachosema.

Kifo kimehama

Sasa tunafika ku neno lenyewe. Zamani watu walikuwa wanakufa zaidi kwa sababu parashuti haikufunguka, ao walichelewa kuifungua. Leo wengi wa wale wanaokufa ao kuvunjika miguu wako na parashuti muzuri, imefunguka yote, juu ya kichwa. Namna gani?

Parashuti ya sasa ni bawa. Mutu anaiongoza, anavuta kuume, anavuta kushoto. Ile kubwa inatembea polepole na inasamehe makosa. Ile ndogo inapita mbio. Ukivuta upande mumoja kwa nguvu, inageuka na inazama, na kama udongo iko karibu, haipati wakati wa kujinyosha. Mutu mupya kabisa anaogopa, kwa hiyo anasikia mwalimu. Hatari kubwa inakuja kisha mirukio mia moja ao mia mbili, wakati woga umetoka na uzoefu haujaingia. Anaona wakubwa wanashuka na parashuti ndogo, watu wanapiga makofi, naye anauza yake kubwa.

Shauri la walimu kwa wapya ni moja: kaa na parashuti kubwa, anza kupanga kushuka kwako tangu metre 300, tazama upepo, na ukiona utaanguka mbali na uwanja, anguka mbali, tembea kwa miguu. Kutembea nusu saa ku majani si haya. Kugeuka chini chini ili ufike karibu na wenzako njo kunaua.

Bill Booth, yule wa pete tatu, alisema zamani kwamba kila mara vyombo vinapokuwa salama zaidi, watu wanaongeza hatari mupaka hesabu ya wafu inabaki palepale. Wachimbaji wetu wanajua hili bila kwenda Marekani. Mashine ya kupuliza hewa ililetwa ili mutu asikose pumzi. Leo ni sababu ya kushuka zaidi. Sheria ya mine ya Kongo inasema shimo la muchimbaji wa mikono lisipite metre 30. Kila mutu wa karieri anajua mashimo yanayopita pale mara mbili. Hewa inafika, ndiyo, lakini hewa haishikilii ukuta. Na kaske haibebi mulima.

Karatasi ya bongo

Tusiwasifu bure. Kule Lodi, inchi ya California, mu mwezi wa Agosti 2016, kijana wa miaka 18 aliruka akiwa amefungwa pamoja na mwalimu, kama vile wageni wanavyofanya. Parashuti haikufunguka muzuri, wote wawili walikufa. Kisha ikajulikana yule mwalimu hakuwa na lisansi ya kweli ya kubeba mutu. Yule aliyekuwa anafundisha walimu pale, chama kilikuwa kimemusimamisha, lakini aliendelea kupokea makuta na kutoa karatasi zenye sahihi ya mutu mwingine. Mu mwaka 2024 mahakama ilimuhukumu kuwa na kosa la udanganyifu.

Tunasoma nini pale? Mama wa yule kijana hakuweza kujua. Mutu anayelipa mara ya kwanza hana macho ya kuangalia pini na uzi, anaamini karatasi. Karatasi ikikuwa bongo, vyombo vyote vya dola maelfu vinakuwa bongo pamoja nayo. Kwetu pia kuna karte za muchimbaji zinazotolewa bila kumufundisha mutu kitu, na kuna fasi ambapo mukaguzi anapita ku meza ya kupimia mizigo lakini hafiki ku mulango wa shimo. Mutu anaweza kuwa na karte mu mufuko na asijue namna ya kupiga fundo la kamba.

Na kwetu je?

Kuna wale watakaosema: musilinganishe. Yule anaruka kwa furaha na ameshiba, huyu anashuka juu ya watoto hawajakula. Wana haki. Murukaji anayebaki chini siku ya upepo anarudi nyumbani na kunywa kahawa. Muchimbaji anayebaki juu siku ya mvua anarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho fasi yake imekamatwa na mwingine. Dola 1,000 ya kamashine, kwetu ni bei ya maisha ya jamaa miezi mingi.

Lakini tuangalie muzuri. Kule pia ndege isiyopanda haiingizi makuta. Mwenye ndege anataka watu waruke, na murukaji amekwisha kulipa safari ya kufika pale. Ikiwa kila mutu angeamua peke yake, wengi wangepanda mu upepo. Kinachowashika ni sheria yenye hesabu: kilometre 22, basi. Hakuna anayeitwa muoga, kwa sababu si yeye aliyekataa. Hapa kwetu tunamwachia muchimbaji mwenye njaa aamue yeye mwenyewe kama ukuta unapasuka. Ule muzigo si wake. Ni wa koperative, wa mwenye shimo, wa ule anayetoa makuta ya kuchimba, na wa serkali inayokamata kodi. Kwa nini koperative isiandike: mvua ikinyesha usiku, hakuna kushuka mupaka shefu na watu wawili wa zamani waangalie ukuta, na siku ile kila mutu anapata chakula kutoka ku kasa ya pamoja? Hii haiombi vyombo vya Ujerumani.

Neno la pili ni hesabu. Wale wanaandika kila kifo, wanakichambua, wanakitangaza kwa wote kila mwaka: alikuwa na mirukio mingapi, alifungua wapi, alikosa nini. Kwa hiyo kosa la mumoja linakuwa shule ya wengine. Kwetu, vifo vikubwa tu njo vinajulikana. Kule KOV, pembeni ya Kolwezi, Juni 2019, udongo ulifunika watu zaidi ya 40 na dunia yote ilisikia. Lakini kijana mumoja aliyekatikiwa na kamba siku ya kazi ya kawaida? Jamaa inapewa sanduku na makuta kidogo, shimo linaendelea, kwa sababu wote wanaogopa lifungwe. Tunaelewa woga ule. Lakini kifo kinachofichwa hakimufundishi mutu, na kamba ya namna ile ile inauzwa kesho ku soko.

Kwa hiyo tunaomba koperative ziwe na kitabu kimoja tu: tarehe, shimo, urefu, kilichotokea, kilichokosekana. Kisomwe mbele ya watu wote mwanzo wa kila mwezi. Tunaomba SAEMAPE, ambayo serkali iliiweka kwa kuwasaidia wachimbaji, iangalie kile kitabu, na kazi yake iwe kufundisha mbele ya kuazibu, maana mahali mutu anaazibiwa kwa kusema, hasemi.

Na ninyi wamama na wababa mulio nyumbani, hamuwezi kushuka mu shimo, lakini munaweza kuuliza. Kamba unayotumia ni ya nani, na imekuwa na siku ngapi? Nani anaangalia mukaba wako kwa nyuma? Mukisikia ukuta unalia, nani ana haki ya kusema «tupande»? Kijana asipokuwa na jibu, asubui ile asitoke mbele hamujamuita shefu wa shimo na kumuuliza yeye.