Kipimo cha moyo kilimletea mtoto madhara. Kirudiwe?

Mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo anaweza kuhitaji kipimo cha katheta zaidi ya mara moja. Mpira mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo, kupima shinikizo la damu inayokwenda kwenye mapafu. Kama mara ya kwanza alivuja damu nyingi, au damu iliganda mguu ukapoa, mzazi anayesita kukirudia si mjinga. Ana sababu.

Hata hivyo, kukataa nako kuna hatari yake. Tundu kubwa likiachwa wazi, damu nyingi hukimbilia mapafuni, na kadiri miaka inavyopita mishipa ya huko hukakamaa. Ikifikia hapo, kuliziba tundu kunaweza kuwa hatari kuliko kuliacha. Kipimo cha Echo hukadiria shinikizo hilo. Katheta hulipima moja kwa moja. Ndiyo maana majibu ya miaka mitatu iliyopita huenda yasitoshe kwa uamuzi wa leo.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza kwa daktari liwe hili: majibu yatabadilisha nini? Kama ndiyo yatakayoamua mtoto apasuliwe au asipasuliwe, kipimo kina kazi. Kama matibabu yatabaki yaleyale, au Echo na CT Scan vinatosha, hakuna haja ya kumrudisha kwenye hatari.

Swali la pili: safari hii nini kitafanyika tofauti? Mshipa ulioziba unaweza kuepukwa kwa kupitia mguu mwingine au shingoni. Aliyepata mzio wa dawa ya kuonyesha mishipa anaweza kupewa dawa za kumkinga mapema. Lakini hayo yanategemea madaktari kujua kilichotokea. Omba ripoti ya kipimo cha kwanza, madhara yakiwa yameandikwa, hasa mnapohamia hospitali nyingine. Kusema "alipata shida kidogo" hakutoshi.

Fomu ya ridhaa isisainiwe mlangoni mwa chumba cha kipimo. Isomwe mapema, walezi wote wakiwepo, na kila kisichoeleweka kiulizwe.

Mkikubali au mkikataa, tokeni na tarehe ya kliniki inayofuata. Mzazi anayekataa kipimo lakini anaendelea kumleta mtoto bado tunaweza kumsaidia. Anayekataa na kupotea ndiye ninayemhofia.