Miti iko, diploma iko, kazi iko wapi?

Vijana wenzetu,

Kila mara viongozi wetu wakienda mikutano ya mazingira, wanasema Kongo njo nchi yenye suluhisho. Ni kweli, kati ya misitu ya mvua ya fasi za joto, msitu wetu ni wa pili duniani nyuma ya Amazoni. Glasgow, mwaka 2021, walitia hata sahihi mapatano ya dola milioni 500 kwa ajili ya kuulinda. Sawa. Nani atauchunga?

Mimi nilisoma misitu miaka mitano hapa Kisangani. Najua kupima muti: unazungusha tepe ku metre 1.30 kutoka chini. Najua kutengeneza ramani ya msitu. Mwaka jana nilipeleka barua ku ofisi moja ya leta. Bwana wa pale hakufungua hata bahasha. Aliuliza tu: "We ni mutoto ya nani?" Nikamutajia baba. Akasema: "Simujue." Fasi ingine walinipa staji ya miezi sita, bila hata pesa ya transpore.

Mama aliuza makala ili nisome kulinda miti (ndiyo, mucheke tu, hata sie tunacheka). Sasa ananiuliza kama nirudie kumusaidia kuuza.

Lakini kazi iko! Dekreti ya 2014 inaruhusu kijiji kupewa msitu wake, mpaka hekta 50.000, bila kuulipia na bila mwisho wa muda. Ila kijiji lazima kitoe mpango wa kuusimamia: kuhesabu miti, kuonyesha fasi ya kulima na fasi ya kuacha. Kazi hiyo njo tulisomea. Leo kijiji kinangojea projet. Projet ikiisha, fundi anapanda moto yake anaenda, karatasi zinabakia kwa chifu.

Tunaomba leta iweke fundi wa misitu katika kila sekta, kwa mtihani wa wazi, na majina ya waliopita yabandikwe ku ukuta. Na staji ilipwe. Hatuombe huruma.

Kama ulisoma misitu, kilimo ao mazingira na uko nyumbani bila kazi, tuandikie: mwaka uliomaliza, na luga ya kijiji unayosema. Orodha hiyo tutaipeleka kwa gavana, ili mutu asiseme tena kama mafundi hawako.