Msimsingizie Pweza

Wengi wetu klabuni tumekwishakaa kati ya bibi na daktari hapa Muscat, tukifasiri. Kwenye presha tunajiweza: imepanda, imeshuka, meza asubuhi. Ngozi ndiyo inayotushinda.

Bibi wa mmoja wetu alitokwa na mabaka ya mviringo yenye magamba, shingoni na mikononi. Nyumbani wakasema jua, wengine pweza. Kwa daktari mjukuu akafasiri yote kwa neno moja, "mzio", na bibi wa watu akanyimwa pweza miezi mitatu. Kidonge cha mkojo anachomeza kwa ajili ya presha hakikutajwa, maana alikuwa nacho zaidi ya mwaka, na sote tulidhani dawa ikikukataa inakukataa siku ile ile.

Sivyo. Haidroklorothiazidi, dawa ya kawaida kabisa ya presha, inaweza kuchochea lupasi ya ngozi wiki kadhaa, hata miaka, baada ya kuanzwa. Kinga ya mwili inaigeukia ngozi yenyewe, hasa sehemu zinazopigwa na jua. Kwa hiyo waliosema jua hawakukosea sana. Kaptoprili nayo, mara chache, huleta malengelenge ya pemfigasi, pengine na vidonda mdomoni. Haidralazini inajulikana kwa lupasi tangu miaka ya 1950, ingawa hiyo huuma zaidi viungo. Si mambo ya kila siku, na mara nyingi ngozi hupoa dawa ikibadilishwa. Aibadilishe daktari lakini, si mjukuu: presha iliyoachwa bila dawa huleta kiharusi.

Kwetu sisi, kosa lilikuwa la ufasiri. Ukisema mzio, daktari anauliza chakula, na bibi anajibu chakula. Tunataka kila mjukuu anayefasiri abebe mfuko mzima wa dawa, pamoja na zile alizoletewa bibi na jamaa kutoka Unguja, na amuulize: "Bibi, hiki ulianza kukimeza lini?" Na walimu wetu, waliotufundisha ngeli zote (tunashukuru), watufundishe na baka, lengelenge, ukurutu. Bibi zetu wanayajua maneno haya. Sisi ndio tunaosema "ngozi mbaya".

Bibi yule keshabadilishiwa dawa na mabaka yanafifia. Pweza amerudi mezani, ingawa analalamika kuwa wa hapa ni mgumu kuliko wa kwao.