«Ndiyo, shefu» haitoshi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayewasomea jamaa gazeti hili jioni,

Kila asubuhi, kabla ya kushuka, kapita anasema maneno ya usalama. Mwisho anauliza: «Mumesikia?» Wote wanajibu: «Ndiyo, shefu!» Halafu kila mtu anachukua taa yake na kwenda. Sisi tunaona kwamba hiyo «ndiyo» ni hatari kushinda hata jiwe lililolegea juu ya kichwa. Jiwe unaweza kuligonga kwa chuma ukasikia kama lina uwazi ndani. «Ndiyo» utaigonga na nini?

Tazama mambo yalivyo hapa Kayna. Nyumbani tunasema Kinande. Sokoni na kazini, Kiswahili. Karatasi za ofisi ni za Kifaransa, na amri nyingine zinakuja kwa Kilingala. Mtu anapita katika lugha tatu kabla ya saa sita mchana, na anaona haya kusema kwamba neno moja limempita. Kijana mgeni anaogopa kuchekwa. Mzee wa kazi anaogopa zaidi, maana miaka yake ya shimoni inamkataza kuuliza.

Wala si jambo la shimo tu. Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Butembo, na zoni yetu ya afya ya Kayna nayo ikapata wagonjwa. Waganga walikuja na chanjo, na dawa, na magari. Neno zuri hawakuwa nalo. Kazi yao yote waliiita kwa Kifaransa «la Riposte», yaani kujibu mapigo. Fikiri basi! Watu waliokwisha kuona vita miaka mingi wanaambiwa kwamba kikosi cha kujibu mapigo kinakuja nyumbani kwao. Ukiwa na mgonjwa ndani, ungefungua mlango? Tena, nchi ilipopiga kura tarehe 30 Desemba 2018, Beni na Butembo waliambiwa wangoje mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Lakini masoko na makanisa yalibaki wazi. Watu wakalinganisha maneno na vitendo, wakaamini macho yao. Hapo hata mtafsiri hodari hawezi kitu. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Nini kilisaidia? Huko Beni shirika la ALIMA liliweka vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani. Jamaa walimwona mgonjwa wao kwa macho na kuongea naye. Tena kulikuwa na wale waliopona, walioitwa washindi. Walisema na majirani kwa lugha ya nyumbani, na wengine walilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mtu aliyelala kwenye kitanda kile hahitaji megafoni.

Turudi shimoni. Katika migodi mingi yenye lifti, mwenye kuendesha winchi hapandishi watu mara tu anaposikia kengele. Kwanza anairudisha, milio ile ile, ili wa chini wajue kwamba amesikia sawa. Kwa nini neno la kinywa tulipe heshima ndogo kuliko kengele? Kapita aache kuuliza «Mumesikia?» Achague mtu mmoja, leo huyu, kesho yule, amwambie: «Nirudishie, kwa lugha yako.» Akikosea, asichekwe. Kosa lake limetoka huku juu, penye jua, ambapo haliui mtu.

Penye mashine ya kutoboa hakuna kinywa kinachosikika. Ishara za taa na za mkono zipatanwe mbele ya kuanza, si wakati vumbi limekwisha kupanda.

Wengine watasema tunapoteza dakika tano. Ni kweli, ni dakika tano, na ofisi inahesabu tani. Lakini tumechoka kusoma katika ripoti za ajali kwamba «mfanyakazi hakusikia», kama vile masikio yalikuwa na deni na kinywa hakina.

Na wewe mama, mume akirudi na karatasi ya muganga, muulize vidonge ni mara ngapi kwa siku, na ni kabla ya chakula au nyuma yake. Akijibu tu, «Walinieleza», kesho asubuhi umrudishe hospitali akaulize.