Viza ya Kwenda kwa Ndugu

Kutoka kisiwa cha Nzwani hadi Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, ni mwendo wa kilomita 70 hivi baharini, takriban sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Hadi mwanzoni mwa 1995 Mkomoro aliivuka bahari hiyo pasipo usumbufu mkubwa, akaenda arusini, matangani au sokoni. Tarehe 18 Januari mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu Edouard Balladur wa Ufaransa iliamuru kwamba Mkomoro asiingie Maore bila ya viza.

Wasomaji walio maofisini wanajua jinsi fomu inavyoweza kusema "hapana" bila ya kulitamka neno hilo. Mwombaji sharti awe na pasipoti, uthibitisho wa mahali atakapofikia, uthibitisho wa fedha za kujikimu, na tikiti ya kurudi. Ubalozi wenyewe uko Moroni, kisiwani Ngazija. Hivyo mkulima wa Nzwani huianza safari ya Maore kwa kuipa Maore kisogo. Mfaransa je? Yeye akitua Moroni hupewa viza uwanjani hapo hapo.

Amri hiyo haikuwazuia watu. Iliwatoa abiria melini ikawapakia usiku katika mashua za uvuvi ziitwazo kwassa-kwassa, wakiwamo wajawazito na wagonjwa wanaoitafuta hospitali. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilikadiria kwamba tangu 1995 bahari hiyo ilikuwa imekwisha kumeza watu kati ya 7,000 na 10,000. Hesabu hiyo, tukumbuke, imetoka Paris.

Watetezi wa viza husema kwamba watu wa Maore wenyewe waliichagua Ufaransa. Ni kweli, wala haifai kulificha. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974 Wakomoro kwa jumla walitaka uhuru, lakini wengi wa Maore waliukataa. Na 2009 wakapiga kura kisiwa chao kiwe mkoa wa Ufaransa. Lakini Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro Novemba 1975 ikiwa nchi ya visiwa vinne. Februari 1976 Tanzania, ikiwa mjumbe wa Baraza la Usalama, ilikuwa miongoni mwa waliowasilisha azimio la kutetea umoja huo. Wajumbe 11 waliliunga mkono. Ufaransa ikaliua kwa kura ya turufu. Na hata tukiliweka kando suala la nani atawale, kura ile haikuuliza kama mtu azuiwe kwenda kumzika mama yake.

Moroni nayo haikosi lawama: nchi iliyoandamwa na mapinduzi mara kwa mara haikujenga hospitali za kuwatosha watu wake.

Sisi wenyewe, kwa miaka mingi baada ya Muungano wa 1964, tulionyesha pasipoti kati ya Bara na Visiwani. Utaratibu huo ulipofutwa, Unguja haikuzama.

Askari wetu walitua Nzwani Machi 2008 pamoja na majeshi mengine ya Umoja wa Afrika kuurudisha umoja wa Komoro. Serikali iliyotuma askari ina haki ya kutuma barua. Idai mambo mawili kwanza: viza itolewe Mutsamudu, penye wasafiri wenyewe, na mgonjwa mwenye cheti cha daktari avuke mchana, kwa meli.