Umepunguzwa Tumbo? Karatasi ya Damu Isomwe Yote

Wapo sasa Watanzania wanaopasuliwa na kupunguzwa tumbo la chakula ili wapungue uzito. Wengine huufuata upasuaji huo India. Wengine huwekewa puto tumboni bila kupasuliwa, kama inavyofanyika Muhimbili Mloganzila. Hatuandiki ili kuwasema. Unene uliopita kiasi huleta kisukari na shinikizo la damu, na kwa mgonjwa wa namna hiyo operesheni yaweza kuwa msaada mkubwa. Shauri letu ni juu ya yale yanayofuata, mtu akisharudi kwake Tukuyu, Kiwira au Masoko na kwenda kupimwa damu.

Mara nyingi hupimwa wingi wa damu tu, kisha huambiwa, "Damu ipo, nenda nyumbani." Kwa aliyekatwa tumbo, sisi tunasema hilo halitoshi.

Kwanza, namba yenyewe yaweza kudanganya. Kiwango kinachojulikana ni gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito na gramu 13 kwa mwanaume. Lakini mji wa Tukuyu uko juu, karibu meta 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya milimani ni nyepesi, na mwili hujisaidia kwa kutengeneza damu zaidi. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2024, linataka gramu 1.1 ziondolewe kwa mtu anayeishi kati ya meta 1,500 na 2,000. Mama wa Tukuyu mwenye 12.6 hubaki na 11.5, yaani ana upungufu. Mwenzake wa Kyela, kule chini ziwani, akiwa na 12.6 hiyo hiyo hana neno.

Pili, damu yaweza kuonekana nzuri huku ghala ni tupu. Ghala la madini ya chuma hupimwa kwa kipimo kiitwacho feritini, nalo huanza kuisha kabla wingi wa damu haujashuka. Tena upungufu wa chuma hufanya chembe nyekundu ziwe ndogo, na upungufu wa vitamini B12 huzifanya ziwe kubwa. Mtu akiwa na upungufu wote wawili, mashine hutoa wastani unaoonekana wa kawaida kabisa!

Hiyo B12 ndiyo inayotutia hofu kuliko yote. Wanyakyusa tuna maziwa, na maziwa yana B12. Lakini ili ichukuliwe na mwili inahitaji maji maalumu yanayotoka katika tumbo la chakula. Tumbo likikatwa au likirukwa, maji hayo hupungua, na maziwa ya ng'ombe wako mwenyewe hayatakufaa kama zamani. Akiba iliyo katika ini huweza kuchukua miaka miwili, mitatu, ndipo iishe. Kufikia hapo mgonjwa amesahau habari za operesheni, miguu inakufa ganzi, anayumba akitembea, na majirani wanasema karogwa au ana ukimwi, kwa kuwa amekonda. Mishipa ya fahamu ikiharibika kwa muda mrefu, yaweza isipone tena. Vidonge vya foliki vikitolewa peke yake, damu hupanda huku mishipa ikizidi kuharibika. Sindano za B12 zingemwokoa mapema.

Kalsiamu nayo ina hila yake. Ikipungua, mwili huiba katika mifupa ili damu isipungukiwe, hivyo jibu la maabara huwa zuri wakati mifupa inadhoofika.

Kwa desturi vipimo hufanywa baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, halafu kila mwaka maisha yote. Si kila maabara inapima B12 na feritini, na gharama si ndogo. Ndiyo maana tunaona fedha za vipimo hesabiwe pamoja na za operesheni tangu mwanzo. Familia inayouza shamba la migomba kulipia upasuaji, isibakize chochote, haijamaliza hesabu.

Mgonjwa adai barua inayoeleza amekatwa namna gani, aiweke pamoja na majibu yake yote katika daftari moja, na amwonyeshe mganga kila aendapo, iwe Makandana, Igogwe au Rufaa Mbeya. Namba ya mwaka huu ina maana ikilinganishwa na ya mwaka jana.

Akitapika kila siku baada ya operesheni, asingoje majibu wala zamu ya kliniki. Vitamini B1 huisha katika majuma machache, na ubongo huumia. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na waliomsindikiza waseme mapema kwamba alikatwa tumbo, kwani B1 yapasa kutangulia dripu ya sukari.

Na vidonge vya chuma visimezwe kwa chai wala maziwa. Tunajua Rungwe ni nchi ya vyote viwili, lakini vyote viwili huzuia chuma kuingia mwilini. Maji, au maji ya machungwa, na chai ingoje saa mbili.